Deni la "Ingawa"

Mwezi Juni mwaka 2023, tulipokuwa tumekwisha kupura alizeti na upepo wa Singida umeanza kuvuma kama kawaida yake ya kipupwe, mjukuu wangu alikuja kukaa nasi likizo. Alikuwa Kidato cha Pili katika shule moja ya kata. Jioni ya pili alinisogezea daftari lake la Kiingereza akaniuliza, "Babu, hapa nimekosea wapi?"

Ilikuwa insha fupi juu ya siku ya kupanda. Katikati yake aliandika sentensi ambayo kwa Kiswahili ni hii: ingawa mvua ilinyesha, tulikwenda shambani. Kwa Kiingereza aliiandika hivi: "Although it rained, we went to the farm." Mwalimu wake, kwa kalamu nyekundu, alikuwa amechomeka neno "but" baada ya mkato, kisha akampunguzia nusu alama.

Msomaji asiyeshughulika na mambo haya na anivumilie kidogo. Katika Kiswahili ni jambo la kawaida kabisa kusema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Viunganishi viwili hukaa pamoja wala hakuna anayeshtuka. Kiingereza sanifu hukubali kimoja tu: ukitumia "although", "but" haina kazi tena, ukitaka "but", basi "although" iondoke. Kwa hiyo mtoto aliandika sawa, na mwalimu wake akaiharibu sentensi iliyokuwa nzima.

Nilijua mara moja kwamba hakukosea. Tatizo ni kwamba nilijua pia kosa lile limetoka wapi, maana mimi mwenyewe nililifundisha kwa miaka tisa.

Nilizaliwa miaka kumi kabla ya Uhuru. Nilisoma Kiingereza shuleni, nikasomea ualimu, nikafundisha shule za msingi, na baada ya masomo ya juu nikapelekwa kuwa mkufunzi wa Kiingereza katika chuo kimoja cha ualimu. Nilifundisha somo hilo tangu 1981 hadi 1989, kisha nikaingia katika utawala, na nilipostaafu mwaka 2011 nilikuwa mkuu wa chuo. Katika daftari langu la maandalio la mwaka 1983 upo ukurasa wenye kichwa cha habari cha viunganishi. Nimeandika humo kwa mwandiko mzuri, na kupigia mstari kwa rula, kwamba sentensi inayoanza na "although" ni lazima ifuatwe na "but". Ni lazima! Sikusema huenda, wala aghalabu. Nilitunga sheria ya lugha ya watu wengine, nikaipigia mstari.

Nilifanya hesabu usiku ule, ingawa haikunisaidia kulala. Kila mwaka nilifundisha wanachuo wapatao mia moja. Kwa miaka tisa ni walimu mia tisa. Kila mmoja, tuseme, alifundisha watoto arobaini na watano kwa mwaka, kwa miaka thelathini ya utumishi. Ukizidisha utapata watoto 1,215,000. Nikaondoa robo tatu, kwa kuwa wengine hawakufundisha Kiingereza kamwe, wengine walihamia kazi nyingine, na wengine bila shaka hawakunisikiliza, Mungu awabariki. Bado wamebaki watoto zaidi ya laki tatu.

Swali linalonisumbua ni hili: je, mwalimu ana hatia kwa alichokifundisha vibaya bila kujua?

Jibu la haraka ni hapana, nami ningelipenda kuishia hapo. Muuza mbegu aliyepokea gunia la mbegu mbovu kutoka kwa mwingine, akaziuza kwa nia njema, hatumwiti mwizi. Nami nilipokea mbegu zangu kutoka kwa walimu wangu, nao walizipata kwingine. Tena nyakati zenyewe zilikuwa ngumu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kila mtoto aende shule, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Ninawaheshimu sana walimu wale. Walifundisha chini ya miti, na wengi wetu tusingeweza kufanya walichofanya. Lakini Kiingereza chao wenyewe kilikuwa cha Darasa la Saba, somo moja kati ya mengi, kwa kuwa tangu mwisho wa miaka ya sitini shule za msingi zilikuwa zikifundisha kwa Kiswahili. Kisha mtoto wao alipofika sekondari alikuta kila kitu, isipokuwa somo la Kiswahili na siasa, ni kwa Kiingereza.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari na juu zaidi. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walipima hali ya Kiingereza mashuleni wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kujifunza masomo yao kwayo. Hata hivyo ushauri wao haukuwa kubadili lugha, bali kukiimarisha Kiingereza, na ukaja mradi wa kukiimarisha kwa msaada wa Uingereza. Sitaki kuufufua ubishi ule hapa. Nimeushiriki miaka arobaini na sauti imenikauka. Nasema tu kwamba mtu akitaka kunitetea, utetezi upo.

Lakini utetezi huo unavunjika mahali pawili, na pote pawili ninapajua mimi peke yangu.

Mahali pa kwanza ni darasani mwaka 1986. Nilikuwa nafundisha ukurasa ule ule wa viunganishi. Kijana mmoja aliyekaa nyuma, mwenye koti lililompwaya, alisimama na kitabu chepesi cha hadithi alichokiazima maktaba. Alisema kwa adabu, "Samahani mwalimu, nimetafuta hiyo 'but' katika sentensi za kitabu hiki, sijaiona hata mara moja."

Nakumbuka nilivyojisikia. Si kwamba niliona amekosea. Niliona wanachuo wengine wamegeuka kunitazama. Nikamjibu, "Waandishi wa hadithi wana uhuru wao. Wewe jifunze sarufi kwanza. Kaa chini." Darasa likacheka, akakaa. Katika muda wote uliobaki wa mafunzo yake hakuuliza swali jingine katika somo langu.

Hapo ndipo kutojua kwangu kulipokoma kuwa kutojua tu. Muuza mbegu ameletewa habari na mkulima kwamba mbegu hazikuota, naye anamfukuza dukani ili wateja wengine wasisikie. Kuanzia dakika hiyo hawezi tena kusema hakujua, amechagua kutojua.

Mahali pa pili ni pabaya zaidi, ingawa hapakuwa na kelele. Mwaka 1991 nilihudhuria mafunzo ya wakufunzi. Tuliandika insha, na mwezeshaji alinirudishia yangu akiwa ameifuta "but" yangu kwa mstari mmoja mwembamba, bila maneno. Nikaenda maktaba jioni ile, nikafungua kamusi na vitabu vitatu vinne. Kijana yule alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo sikuandika tena kosa lile. Nilijirekebisha kimya kimya, kama mtu anayefunga kifungo cha shati alipogundua kimefunguka. Sikumwandikia hata mwalimu mmoja niliyemfundisha. Sikuwaambia hata wakufunzi wenzangu, ambao baadhi yao walikuwa wakitumia maandalio yangu. Nilijiambia kwamba ni neno moja tu.

Ni kweli, ni neno moja. Wapo watakaoniambia kwamba mtoto wa Singida ana shida kubwa kuliko "although": maji, njaa ya miaka ya ukame, darasa lenye watoto themanini. Wapo pia wasomi wanaosema Kiingereza cha Afrika Mashariki kina haki ya kuwa na desturi zake, na kwamba siku moja sentensi ya mwalimu yule itahesabiwa kuwa sahihi. Huenda ikawa hivyo, nami sina ugomvi nao. Ila mtihani wa mjukuu wangu hautasahihishwa siku hiyo. Na tena maneno haya madogo si madogo kama yanavyoonekana.

Kiingereza cha salamu na cha sokoni mtu hujifunza upesi. Kiingereza cha taaluma ni kitu kingine, na mtaalamu mmoja wa Kanada, Jim Cummins, alikwisha kuonyesha mwaka 1979 kwamba mtoto anayezungumza lugha kwa wepesi anaweza bado asiwe na lugha ya kujifunzia. Lugha hiyo ya kujifunzia imejengwa si kwa maneno makubwa, kama wanachuo wangu walivyodhani, bali kwa haya yanayounganisha na kupima: kwa sababu, ijapokuwa, ilhali, kwa kawaida, huenda, isipokuwa. Mtu asiye nayo anaweza kutaja vitu. Hawezi kueleza kinahusianaje hiki na kile.

Nitoe mfano ambao niliupenda sana kuutumia baadaye. Wanachuo waliandika kwa Kiingereza kwamba maji "yanachemka" kwa nyuzi 100, yaani kana kwamba yako jikoni sasa hivi. Walisahau kwamba Kiswahili chao kina "huchemka", kiambishi kizuri cha hu- ambacho kazi yake ni ile ile ya kauli ya jumla ya Kiingereza. Nikiwaonyesha hivyo walielewa kwa dakika moja jambo ambalo sheria za kitabu hazikuwapa kwa mwaka mzima. Kisha nikawauliza: je, ni kweli kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100? Wote, ndiyo. Nikawaambia hapa Singida mjini, tulipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Sentensi waliyoikariri tangu shule ya msingi ni ya kweli kule Tanga na Dar es Salaam, hapa kwetu si kweli, mpaka uongeze maneno "katika usawa wa bahari."

Basi mwalimu asiye na maneno ya kuongeza sharti, kupunguza ukali wa kauli, au kukubali upande wa pili kabla ya kusema wake, hata kama moyo wake ni mnyofu, lugha aliyonayo darasani inamlazimisha kusema uongo mdogo mdogo siku nzima. Na mtoto anakariri. Nimekwisha kuona daftari la Baiolojia ambamo mtoto ameandika maana ya osmosisi neno kwa neno, ukimwuliza ni nini, anakusomea tena.

Tena upo uongo ambao sisi wakubwa tuliukubali kwa pamoja. Kila anayefundisha sekondari anajua kwamba walimu wengi hueleza somo kwa Kiswahili, huandika ubaoni kwa Kiingereza, na mkaguzi akiingia hubadilika kuwa Kiingereza kitupu. Watoto nao hujua zamu yao: hunyamaza. Nimekaa nyuma ya madarasa ya namna hiyo wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikajaza fomu. Palipoandikwa lugha ya kufundishia nikaweka alama ya vema, kwa kuwa maneno niliyoyasikia yalikuwa ya Kiingereza kweli. Hakuna aliyeniuliza kama kuna mtoto aliyefungua kinywa.

Mimi siwalaumu walimu kwa kutumia Kiswahili. Ninalaumu kukificha. Fikra ikielezwa kwanza kwa Kiswahili kilichopangwa vizuri, chenye ijapokuwa na ilhali zake, mwanafunzi amekwisha kupata nusu ya kazi, na iliyobaki ni kuipeleka katika lugha ya pili waziwazi, mbele ya wote. Wanachuo wangu walioandika Kiingereza kizuri cha taaluma karibu wote walikuwa wanaandika Kiswahili kizuri. Wale waliokuwa na Kiswahili cha ovyo ovyo hawakuokolewa na Kiingereza.

Nilipokuwa mkuu wa chuo nilianzisha jambo moja ambalo nadhani lilikuwa na faida, ingawa nilikuwa nimechelewa. Kila Jumamosi asubuhi wakufunzi, wa masomo yote si wa Kiingereza tu, tulikutana saa mbili. Tulisoma ukurasa mmoja wa kitabu chochote cha somo, tukakifunika, kisha kila mmoja akaandika nusu ukurasa kueleza alichokisoma kwa Kiingereza chake. Halafu tulibadilishana karatasi na kusahihishana. Mwanzoni hakuna aliyethubutu kumsahihisha mwenzake. Mkufunzi wa Hisabati alinirudishia karatasi yangu ikiwa safi kama ilivyotoka, nami nilijua ina makosa mawili, maana niliyaweka kwa makusudi. Jumamosi iliyofuata tukaweka kanuni: karatasi ya mkuu wa chuo isomwe kwanza, ubaoni, na kila mmoja aondoe kosa moja.

Haikuwa rahisi kwangu. Kusimama ukiwa na nywele nyeupe huku kijana uliyempangia nyumba ya kukaa anakwambia kwamba katika Kiingereza hakuna "discuss about" bali "discuss" peke yake, ni zoezi la moyo kuliko la lugha. Lakini baada ya muhula mmoja watu walianza kuleta karatasi zenye makosa yao halisi. Walileta maswali waliyokuwa wameyabeba tangu ujanani. Mkufunzi mmoja wa Jiografia, mtu mzima, alikiri kwamba hajawahi kujua ni lini aandike "he" na lini "she" bila kusimama kufikiri, kwa kuwa lugha zake zote, Kinyiramba na Kiswahili, humwita kila mtu yeye. Hakuna aliyecheka. Nadhani kile ndicho kilikuwa chuo cha ualimu nilichokiongoza kweli; siku nyingine za wiki tulikuwa tunaendesha ratiba.

Na hata hapo, Jumamosi zote zile, sikuwaambia habari za kijana wa 1986. Niliweka makosa ya kubuni ubaoni, nikayaacha ya kweli nyumbani katika daftari la 1983.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka Kiingereza tangu Darasa la Kwanza. Maana yake ni kwamba mwalimu wa watoto wa miaka sita naye sasa anahitaji lugha ambayo wengi wetu hatukumpa. Semina zitakuja, na ni vizuri zije. Ila nimeona semina nyingi. Mwalimu hupewa kalamu, daftari na chai, hufundishwa mbinu za kufundisha Kiingereza, na hakuna anayemwomba aandike ukurasa mmoja wa Kiingereza chake mwenyewe mahali ambapo kukosea hakumwaibishi. Mbinu bila lugha ni kama kumfundisha mtu namna ya kumimina kutoka katika mtungi mtupu.

Nirudi kwa mjukuu wangu. Nilimwambia kwamba hakukosea, nikamweleza kwa nini. Alifurahi mno, akataka kulipeleka daftari kwa mwalimu wake shule ikifunguliwa, amwonyeshe mbele ya darasa. Nikamkataza. Akauliza, "Kwani babu si wewe umesema niko sahihi?" Sikuwa na jibu zuri. Mwalimu yule ni kijana, mwenye stashahada. Huenda alifundishwa Kiingereza shule ya msingi na mmoja wa wale mia tisa. Kumpelekea mtoto wa kumwumbua kungekuwa kumfundisha alichonifundisha aibu mwaka 1986: kaa chini.

Shule zilipofunguliwa nilipanda basi dogo nikaenda mwenyewe. Mwalimu alinisalimu, "Shikamoo mzee," akanitafutia kiti katika ofisi ya walimu, akiwa na wasiwasi kidogo. Wazazi wanaokuja bila kuitwa aghalabu huja na shari. Sikulitoa daftari la mjukuu. Nilitoa langu la 1983, nikalifungua kwenye ukurasa wa viunganishi, nikamwomba anisomee sheria niliyoipigia mstari na aniambie kama ni sahihi.

Alisoma, akasema, "Ndiyo mzee, ndivyo tulivyofundishwa."

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyefundisha hivyo. Nilikosea." Nikamsimulia yote, kuanzia kijana mwenye koti mpaka mstari mwembamba wa mwaka 1991. Alinyamaza kwa muda, akachukua kitabu cha kiada kilichokuwa mezani akaanza kupekua, akitembeza kidole juu ya kurasa, moja baada ya nyingine, kama kijana yule alivyofanya. Hakunitazama usoni wala sikumharakisha. Kengele ya kipindi iligongwa. Akasimama, akauliza kama anaweza kuliazima lile daftari la maandalio, apitie kurasa nyingine aone kuna nini kingine.

Nilimwachia. Hajalirudisha mpaka leo, nami sijalidai.